Mwanangu majibu anayajua, mwandiko ndio unaomwangusha

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani hapa Tanga, na nauza vitafunwa asubuhi na jioni. Ninayekuandikia habari zake ni mwanangu wa kati, mvulana wa miaka tisa, yuko darasa la tatu.

Mtoto huyu si mjinga. Ukimuuliza jedwali la kuzidisha anakujibu hujamaliza swali. Hadithi akiisikia mara moja anakusimulia mwanzo mpaka mwisho. Shida yake ni kuandika. Ukilifungua daftari lake utasikitika: herufi zimelala huku na huku, nyingine zimepanda juu ya mstari, nyingine zimezama chini, na maneno yameshikana hujui moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Kalamu anaikandamiza mpaka ukigeuza ukurasa unagusa matuta. Tangu wahamie kalamu ya wino mwaka huu ndiyo imezidi, kila ukurasa una madoa na matundu ya kufutafuta.

Kwenye jaribio la muhula uliopita alipata 22 kati ya 50. Nikakaa naye nyumbani nikamsomea maswali yale yale, akanijibu kwa mdomo karibu yote. Mwalimu wake anasema hawezi kumpa mtoto alama kwa jibu asiloweza kulisoma, na kusema kweli simlaumu kwa hilo. Lakini ameshampiga rula za vidole zaidi ya mara moja, na humpa kazi ya kurudia ukurasa mzima mara tano. Mtoto anakaa nayo mpaka saa tatu usiku, analia, na ukurasa wa tano unakuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Baba yake anasema ni uvivu tu, achapwe. Mama mkwe wangu, tunaishi naye, anasema kijana alianza vibaya tangu mdogo kwa sababu alikuwa akishika kila kitu kwa mkono wa kushoto, na yeye ndiye aliyemrekebisha. Kweli alimrekebisha. Siku hizi anakula kwa kulia na hata kazi za shule anafanya kwa kulia, ingawa mpira bado anapiga kwa kushoto.

Kinachonichanganya ni chuoni. Ustadhi wake ananiambia hati yake ya Kiarabu ni safi, mpaka humpa kazi ya kuwaandikia wadogo herufi ubaoni. Sasa mtoto mmoja atakuwaje na hati nzuri madrasa na mbaya shuleni? Nimeanza kuamini maneno ya baba yake, kwamba shuleni anafanya kusudi.

Mwakani ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Kuna kijana hapa mtaani anafundisha tuisheni ya mwandiko, nimeanza kumwekea hela. Nimpeleke? Au nimnunulie yale madaftari ya kufuatisha nukta? Naomba unisaidie.

Mama wa watoto watatu, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu.

Hiyo hela ya tuisheni izuie kwanza. Yule kijana sina neno naye, lakini kabla ya kumlipa mtu yeyote kuna jambo moja la kwenda kulitazama kwa macho yako. Umeandika kwamba hati ya mwanao ni safi chuoni, halafu ukapita haraka ukaenda kwenye upimaji. Nakuomba urudi hapo. Alasiri moja nenda chuoni, kaa nyuma asikuone, umtazame anashika chaki kwa mkono gani. Nadhani utakuta ni wa kushoto, na ustadhi hakukuambia kwa sababu kwake halikuwa jambo la kushtaki.

Nieleze kwa nini nadhani hivyo. Mtoto mvivu wa kuandika ni mvivu kote. Mwenye macho yasiyoona vizuri, au vidole visivyo na nguvu, atasumbuka shuleni na chuoni pia. Wa kwako anasumbuka mahali pamoja tu, na mahali hapo ndipo anapotumia mkono aliofundishwa kuutumia, siyo ule aliozaliwa nao. Kukandamiza kalamu mpaka matuta yatokee nyuma, kuchoka upesi, ukurasa wa tano kuwa mbaya kuliko wa kwanza: hizo ni dalili za mkono unaolazimishwa. Mtoto anayefanya kusudi hakai mpaka saa tatu usiku akilia.

Usichukue neno langu peke yake, mjaribu nyumbani bila kumwambia kwamba unamjaribu. Mpe mkasi akate karatasi. Mwambie atunge uzi kwenye sindano. Mrushie funguo adake. Mpe chupa yenye kifuniko kigumu, na mswaki uweke katikati ya meza, siyo upande wowote. Angalia ni mkono gani unaotangulia, hasa kwenye kazi ngeni ambazo bibi yake hakuwahi kumsahihisha. Ukiona kushoto, kushoto, kushoto, basi umeshajua una mtoto wa mashoto. Hiyo siyo kasoro wala haitokani na malezi mabaya. Takriban mtu 1 kati ya 10 duniani yuko hivyo, kwa hiyo katika darasa la watoto 60 tarajia kama sita, hata kama mwalimu haoni hata mmoja kwa sababu wote wameshahamishwa.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana wazazi wengi wakishajua hivi humwambia mtoto "haya, tumia kushoto," wakadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Kiarabu kinatoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo mkono wa kushoto unaivuta kalamu na kuliacha neno nyuma yake likiwa safi. Kiswahili kinakwenda upande wa pili. Mkono wa kushoto unaisukuma kalamu, unaliziba neno lililoandikwa sasa hivi, na ngumi inapita juu ya wino mbichi. Ndiyo maana wengi hukunja kifundo cha mkono kama ndoano ili waone wanachoandika, na baada ya nusu ukurasa mkono unauma. Mtoto wa mashoto anahitaji kufundishwa namna ya kuandika kwa kushoto. Kumruhusu tu hakutoshi.

Namna yenyewe haina gharama. Daftari lisikae katikati ya kifua chake, lisogezwe kidogo upande wa kushoto, halafu ulizungushe mpaka kona ya juu ya kushoto iwe imepanda juu kuliko ya kulia. Wa mkono wa kulia huinamisha upande wa pili. Ukishaliinamisha hivyo, mkono wake unabaki chini ya mstari badala ya kuwa juu yake, naye anaona anachokiandika bila kukunja kifundo. Kalamu ishikwe juu kidogo, kama sentimita tatu kutoka ncha, ili vidole visizibe herufi. Chukua mpira mdogo wa kufungia noti, uzungushe kwenye penseli hapo hapo, mwambie vidole vyake visishuke chini ya mpira. Gumba na cha shahada vinabana, cha kati kinakaa chini kuegemeza, vile viwili vilivyobaki vinalala vimekunjwa juu ya karatasi. Ukitaka kujua kama anakaza mno, ivute penseli kwa nyuma akiwa anaandika. Ikitoka kwa upole ni sawa. Ikikataa kutoka, hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

Nimesema penseli, nami namaanisha penseli. Mrudishe huko kwa mazoezi yote ya nyumbani, HB au laini zaidi ya hapo, 2B. Wino haufutiki na unachafua mkono, na kwa mtoto anayejifunza upya kila doa linamwambia ameshindwa.

Kukaa nako kuangalie. Nyumba zetu nyingi watoto huandikia mkekani, wamelala kifudifudi, kiwiko kimoja kinabeba mwili mzima. Kusoma hivyo hakuna neno, kuandika ni taabu. Nadhani una meza unayopangia vitafunwa vyako. Ikishapanguswa ndiyo dawati lake. Kama miguu inaning'inia, weka ndoo iliyopinduliwa au matofali chini, nyayo zikanyage. Taa isiwe nyuma yake wala kushoto, maana kivuli cha mkono kitaangukia pale pale anapoandika. Iwe mbele au upande wa kulia.

Kuhusu madaftari ya nukta, mimi siyapendi kwa mtoto wa umri huu. Anayefuatisha nukta anakwenda polepole akichora, jicho liko kwenye nukta, na mkono haujifunzi mwendo wa herufi. Ukiziondoa nukta anarudi pale pale. Bora umwandikie wewe herufi moja polepole akikutazama, kisha uizibe kwa kiganja, naye aiandike kutoka kichwani. Aandike tano, achague mwenyewe iliyo nzuri kuliko zote aizungushie duara. Kule kuchagua kuna faida kubwa kuliko ukurasa mzima wa kunakili, kwa sababu ndipo jicho lake linapojifunza kutofautisha.

Uanze na herufi gani? Anza na a. Kiswahili kimejaa a, maneno mengi mno yanayo, na mtoto akiitengeneza hiyo moja ukurasa mzima unabadilika sura. Fungua daftari lake sasa hivi uangalie a zake kama zimefungwa juu. Nina hakika nyingi ziko wazi, na a iliyo wazi inasomeka u. Ndiyo maana mwalimu anaona "kuku" mahali ambapo mwanao aliandika "kaka", na "bubu" palipokuwa na "baba". Si kwamba hajui tahajia, ni kifuniko kimekosekana. Ifundishe a pamoja na ndugu zake, c, o, d na g, kwa sababu zote zinaanza na mwendo mmoja: kalamu inaanza juu upande wa kulia, inazunguka kwenda kushoto, inashuka, inapanda kufunga. Watoto wa mashoto hupenda kuzungusha duara kinyume cha hapo, wakija kuandika haraka herufi inafumuka, kwa hiyo mwendo huu usimame naye mpaka umkae. Ile mistari ya kukata t na f wengi wao huikata kutoka kulia kwenda kushoto. Hiyo mwachie, haidhuru.

Baada ya hizo nenda kwenye n, m, h, r, b, p na k, zinazoshuka kisha kupanda. Hapo kazi kubwa ni kimo. Mgongo wa h ukiwa mfupi inakuwa n, na "hapa" inageuka "napa". Mnunulie daftari lenye mistari ya kuonyesha herufi fupi ziishie wapi na ndefu zifike wapi. Ukilikosa, chora mwenyewe kwa rula na penseli. Zilizobaki zitakuja zenyewe. Nafasi kati ya maneno iwe upana wa o moja, mwonyeshe hivyo. Na kwa hisabati tumia daftari la visanduku, tarakimu moja kisanduku kimoja, ili mamoja yasihamie kwenye makumi akakosa hesabu anayoijua.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Narudia, kumi, na aache akiwa bado anaandika vizuri. Mkono uliochoka unajifunza uchovu tu. Baada ya hapo maandishi yawe na kazi ya kweli. Wewe ni mfanyabiashara, mwachie aandike orodha ya dukani: unga, mafuta, iliki, sukari, hamira. Ampelekee muuza duka mwenyewe asome bila kuuliza. Muuza duka akikwama kwenye neno, mtoto ataona mwenyewe ni herufi gani iliyomponza, wala hutahitaji kumsema.

Na vidole vyake vipe nguvu kwa kazi ambazo nyumba yako inazo tayari. Akusaidie kubana kingo za sambusa. Mtazame akibana: gumba, shahada na cha kati, ndivyo vile vile vinavyoshika penseli, na kingo isipobanwa sawasawa nyama inamwagika kwenye mafuta, kwa hiyo atakuwa makini. Bibi akitunga asumini za kikuba, mwache mjukuu akae naye atunge. Watu watasema hiyo kazi ya wasichana, wewe waache waseme. Kukamua nguo, kumenya machungwa ya Muheza kwa mkono, kubana nguo kwa vibanio kambani, yote yanasaidia. Ila isigeuke kibarua, mtoto ana haki ya kwenda kucheza mpira wake wa mguu wa kushoto.

Sasa watu wako watatu.

Mama mkwe wako usimwambie kwamba amemharibu mtoto. Hakumharibu. Alimlea kwa adabu tuliyolelewa nayo sisi sote wa pwani, kwamba chakula na salamu ni mkono wa kulia, na adabu hiyo ibaki kama ilivyo. Mtoto anaweza kula kwa kulia na kuandika kwa kushoto bila mkono mmoja kugombana na mwingine, wapo wengi wa hivyo. Kama utaona maneno yako hayatafika, maana mkwe kumwelimisha mama mkwe ni mtihani, mwombe ustadhi aseme naye. Mtu anayemfundisha mjukuu wake Qur'ani akisema kalamu haina tatizo kushikwa kwa kushoto, atasikilizwa kuliko mimi na wewe.

Mwalimu wa shule mfuate kwa heshima, saa ya mapumziko, siyo mbele ya watoto. Chukua daftari la shule, na la chuoni kama lipo, uyaweke mezani mbele yake pamoja. Ukimwonyesha hayo mawili hutahitaji hotuba. Kisha umwombe mambo machache. Kwanza mtoto akae mwisho wa dawati upande wa kushoto. Hili watu hulidharau, lakini dawati la watoto watatu, wa mashoto akiwekwa katikati au kulia, kiwiko chake kinagongana na cha jirani kutwa nzima, na kila akigongwa herufi inaruka. Pili, aruhusiwe penseli kwa sasa. Tatu, badala ya kurudia ukurasa mara tano, arudie mstari mmoja mpaka uwe mzuri. Na lile la rula za vidole lisemee waziwazi, kwa upole lakini usilimung'unye: kidole kilichopigwa kinakaza zaidi, na kukaza ndiko kunakoharibu mwandiko. Mwalimu anayetaka mwandiko mzuri hana sababu ya kuupiga mkono unaouandika. Kama hatakusikia, nenda kwa mwalimu mkuu.

Baba yake mchukue siku moja aje akae mezani dakika zile kumi. Asiseme kitu, atazame tu mtoto akiandika jina lake kwa kulia, halafu kwa kushoto.

Huenda nimekosea dhana yangu, ukaenda chuoni ukakuta anaandika kwa kulia kama shuleni. Basi yote niliyosema juu ya kukaa, kushika, penseli, herufi na dakika kumi yanamfaa vile vile, geuza tu upande wa kuinamisha daftari na upande wa taa. Lakini hapo ningekuomba pia apimwe macho, hasa kama anasogeza uso karibu na karatasi, anapindisha shingo, au anakosea kunakili kutoka ubaoni. Hospitali ya Bombo haiko mbali na wewe. Na kama ana shida ya kufunga vifungo, kufunga kamba za viatu, anaangusha vitu na kujikwaa mara kwa mara, mweleze daktari hayo pia, kwa sababu hapo shida inaweza kuwa kubwa kuliko kalamu.

Ukianza kumrudisha kwenye mkono wa kushoto, muulize yeye kwanza anataka upi. Ana miaka tisa, anajua. Akisema kulia, usimlazimishe tena upande mwingine, ameshalazimishwa vya kutosha. Akisema kushoto, jiandae: wiki za mwanzo mwandiko wa Kiswahili unaweza kuonekana wa kitoto, herufi kubwakubwa, mwendo wa polepole. Hapo ndipo majirani na bibi watakapokuambia "si tulisema." Usibadilishe. Kasi inakuja baada ya umbo, wala haiji kwa kuhimizwa. Likizo ya Desemba ni wakati wake mzuri, hakuna kazi za shule zinazomkimbiza, na upimaji wa darasa la nne bado una karibu mwaka mzima mbele yake.

Nitumie picha ya ukurasa mmoja wa sasa, na mwingine wa mwisho wa Januari. Nitaziangalia a na g zake, nikuambie pa kuendelea.